Baba Ana Meno Mazuri

Wapo watu ambao wakisema uongo hutokwa na jasho, sauti ikawakauka, mpaka ukawaonea huruma. Na wapo wanaousema kwa neno moja tu, tena neno la adabu, kisha wakaendelea kunywa chai yao. Fundi wa meno alikuwa wa kundi hili la pili. Neno lake lilikuwa "inawezekana". Alilisema mara moja, miaka kumi iliyopita, na tangu siku hiyo hakuwahi kulala usingizi ukamnogea.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alikuwa na chumba kirefu nyuma ya jengo la ghorofa mbili, chenye meza ya bati, beseni la plasta, taa ya kuyeyushia nta, na mashine ya kusugulia ambayo ikiwashwa husikii hata simu yako ikiita. Kliniki za mji mzima zilimletea vipimo vya vinywa vya watu, yaani alama za meno zilizochukuliwa kwenye unga laini ulioganda. Yeye alimimina plasta humo, ikikauka akapata sanamu ya kinywa, na juu ya sanamu hiyo akajenga meno. Wagonjwa wenyewe hakuwaona. Alijua ufizi wa hakimu na taya la muuza mkaa, na wakipishana naye barabarani hakuwatambua mpaka wacheke.

Sifa yake kubwa ni kwamba meno yake hayakuonekana kuwa ya kutengenezwa. Mafundi wengine walipanga meno meupe pee, sawasawa kama vigae vya bafuni, mtu akipiga mwayo tu siri imetoka. Yeye alipenda kupindisha jino moja kidogo, lingine akalitia kivuli cha njano karibu na ufizi, lingine akalikwangua ncha kana kwamba limewahi kuvunja mfupa. Na kazi yake bora kuliko zote, ambayo hakumwonyesha mtu, ilikuwa kinywani mwake mwenyewe. Juu na chini, meno ishirini na nane, hakuna hata moja lililoota.

Yale ya kuota yalikuwa balaa. Yalitoka ya njano iliyokoza, membamba, yenye vishimo, kwa sababu lile gamba gumu la nje ambalo jino la kila mtu huvaa, kwake halikujijenga. Yalimenyeka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Maji baridi yalimuuma, chai ya moto ilimuuma, na shuleni waliacha kumwita jina lake wakamwita Mahindi. Mama yake alikuwa na meno hayo hayo, akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Ni jambo la ukoo, linashuka na damu, halina habari na mswaki wa mtu. Alipofika miaka ishirini akayang'oa yote, akahamia mji ambako hakujulikana, akajifunza ufundi, akajitengenezea kinywa kipya. Mke aliyempata huko alisema mbele ya watu kwamba kilichomvutia kwanza ni kicheko chake. Fundi akacheka zaidi, na moyoni akaapa kwamba siri ile atazikwa nayo.

Binti yao walimpa jina la utani Chiriku, kwa sababu alianza kupiga soga kabla hajajua kutembea. Jino lake la kwanza lilipochomoza, mama mtu alifurahi hadi akapiga makofi. Fundi aliinama akalipapasa kwa ncha ya kidole. Lilikwaruza. Akajua palepale, maana ukwaruzo ule ulimi wake uliuishi kwa miaka mingi. Akajifuta kidole kwenye shati na kusema mtoto amekua.

Meno yalivyozidi kutoka, njano ikawa haifichiki. Jirani yao, mama mmoja mjuaji aliyewahi kuuza kwenye duka la dawa, alimfungua mtoto mdomo kama anayenunua mbuzi, akatoa hukumu: ni zile dawa za kifua alizomeza mama mtu akiwa na mimba. Zipo kweli dawa za namna hiyo zinazotia meno ya mtoto rangi, na ndiyo maana uongo ule ulipata miguu ya kutembelea. Mama Chiriku alikuwa amemeza vidonge vya kifua wiki mbili nzima, mimba ikiwa na miezi sita. Jioni ile alimsubiri mumewe akae, akammiminia chai, akabaki amesimama.

"Wewe ndiye fundi wa meno, Baba Chiriku," alisema. "Anayosema jirani ni kweli? Ni mimi?"

Kikombe kilikuwa mkononi. Angesema hapana, angeulizwa basi ni nini, na swali hilo la pili lingekwenda moja kwa moja mpaka kwenye kinywa chake.

"Inawezekana," alisema, akanywa chai.

Hapo hakuna wa kumtetea. Hakulazimishwa na mtu wala hakushtukizwa. Alipima aibu yake na ya mkewe, akaona ya mkewe ni nyepesi kubeba, hasa kwa vile angeibeba mwingine.

Na mke aliibeba kweli. Alimwomba mtoto msamaha angali hajui hata maana ya msamaha. Akimpeleka shule, mwalimu akauliza kama nyumbani hakuna mswaki, alijibu kwa upole kwamba kosa ni lake, alikunywa dawa. Akiambiwa pole alisema asante. Fundi alimsikia akilisema hilo kwa wageni, kwa ndugu, kwa kinyozi, na kila mara alijikuta ana la kufanya chumba kingine. Mara kadhaa mke alitaka mtoto apelekwe kwa daktari, naye akasema waache kwanza akue, meno ya utoto yatang'oka. Yaling'oka. Yakaja ya ukubwani, yale yale.

Siku iliyomchoma zaidi ni ile Chiriku alipokuwa na miaka tisa. Alirudi shuleni amevimba macho, akakaa mezani, mama yake akamwekea sahani. Mtoto aliisukuma, akamwambia mama yake kwa sauti ya chini, bila hasira hata, kwamba yeye ndiye aliyemharibu. Mama hakujitetea. Alikiri kwa kichwa. Fundi alikuwa pale pale, kijiko mkononi, akaendelea kula. Tangu siku ile mtoto na mama waliishi nyumba moja kama wapangaji wawili wanaosalimiana, na soga zote za Chiriku zikamalizikia kwa baba, ambaye alimpenda na kumwogopa kwa pamoja.

Sasa mtoto ana miaka kumi na mmoja, na Jumatatu moja asubuhi ukaja mfuko wa kazi kutoka kliniki iliyo upande wa pili wa mji. Ndani yake mlikuwa na vipimo viwili, juu na chini, na karatasi ya maagizo: trei laini za plastiki za kutilia dawa ya kung'arisha meno. Fundi hakusoma jina. Alikoroga plasta, akamimina, akagongagonga kutoa mapovu, akaenda kunawa. Ilipokauka akabandua sanamu na kuigeuza kwenye mwanga.

Alijiona mwenyewe. Meno membamba yaliyoachana, vishimo kwenye kila jino, magego yaliyolika yakabaki bapa. Mtu hujitambua kwenye kioo, kwenye picha, kwa sauti yake ikirekodiwa. Yeye alijitambua kwenye plasta nyeupe iliyokuwa bado na joto. Ndipo akasoma jina kwenye karatasi. Lilikuwa la binti yake. Nyuma ya maagizo palibanwa nakala ya fomu, imejazwa kwa mwandiko wa mkewe ulioinama. Chanzo cha tatizo: mama alimeza dawa akiwa na mimba. Je, kuna mwingine katika familia mwenye meno ya namna hii? Hakuna, mkewe alikuwa ameandika. Kisha, kwa sababu ni mwanamke asiyependa kujibu nusunusu, akaongeza: Baba ana meno mazuri.

Fundi alikaa kitini. Mashine ya fundi mwenzake, aliyefanya naye kazi chumba kimoja, ilikuwa inanguruma, hakuna aliyemwuliza ana nini.

Alijua vizuri kitakachotokea. Dawa ile ni ya meno yenye gamba zima lililoshika madoa. Ukiitia kwenye meno yasiyo na gamba, rangi haitoki ng'o, ila mtoto ataumia mpaka ashindwe kuvuta pumzi kwa mdomo. Tiba ya meno kama yale ni kuyavika kofia moja moja, ganda la kutengenezwa linalofunika jino zima, na kofia hizo alitengeneza yeye, kila wiki, kwa watoto wa watu. Kwa hiyo alichotakiwa kufanya kilikuwa chepesi: kuinua simu. Badala yake alitengeneza trei, akazikata kwa makusudi zibane ufizi, akazipeleka mwenyewe. Zilirudishwa kesho yake. Akatuma ujumbe kwamba mashine ya kuvuta plastiki imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ndivyo alivyokuwa: hata kumwokoa mwanawe alitaka amwokoe kwa kujificha.

Nyumbani mkewe hakuweza kunyamaza na furaha. Jumatano jioni alimweleza kila kitu. Alikuwa amempeleka mtoto kliniki kimyakimya, asije akamsumbua mumewe na kazi zake, na alichagua kliniki ya mbali ili wenzake wasimseme. Daktari amesema yatang'aa kidogo kidogo, kila siku saa moja. Chiriku amekubali. Tena wakiwa njiani kurudi, mtoto alimshika mkono kuvuka barabara, hakuuachia mpaka wakafika upande wa pili. Mkewe alilisema hilo la mkono mara mbili. Akaongeza kwamba kuna fundi mmoja mzembe anawachelewesha na trei, ila Mungu atamsaidia atazimaliza.

Fundi alisema amina. Hakula.

Ijumaa saa nne alifunga sanamu kwenye gazeti, akaenda kliniki. Daktari alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye haraka na heshima. Alidhani ameletewa trei. Fundi akamwambia asimtie mtoto yule dawa, meno yake hayana madoa, hayana gamba. Daktari alivuta kiti. Alikiri kwamba hata yeye alilishuku hilo tangu siku ya kwanza, lakini jambo lenyewe huwa la ukoo, na fomu imesema kwenye ukoo hakuna.

"Fomu imekosea," fundi alisema.

"Umejuaje?"

Fundi alisukuma mlango ukajifunga, akatia kidole gumba kinywani, akayatoa ya juu, kisha ya chini, akayaweka juu ya fomu. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuyavua mbele ya mtu. Daktari aliyaangalia jinsi madaktari wanavyoangalia, bila kushtuka, akamwomba aeleze toka mwanzo. Fundi alieleza yote, hata la jirani, hata la kikombe cha chai. Alipomaliza alitarajia kupumua. Daktari akamwonyesha magego ya chini kwenye sanamu kwa ncha ya kalamu. Mtoto angeletwa akiwa na miaka sita au saba, alisema, yangevikwa kofia yakiwa mazima. Sasa haya mawili yamelika hadi kwenye mshipa. Haya hayana tena namna, yatang'olewa.

Fundi aliuliza, kwa sauti iliyojaa upepo kwa kukosa meno, kama daktari anaweza kumwambia mama mtu tu kwamba vipimo vimeonyesha vinginevyo.

"Nitamwambia ni jambo la ukoo," daktari alijibu. "Akiniuliza ukoo wa nani, sitamdanganya. Wanakuja Jumatatu saa tatu. Ni vizuri awe ameshasikia kwako."

Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa nje, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anafua viatu vyake vya shule. Mkewe alikuwa chumbani anakunja nguo, amezipanga kitandani mafungu matatu. Fundi aliingia, akafunga mlango, akasimama. Alianza kwa kusema kuna jambo. Akaanza tena kwa kusema yeye si mtu mbaya, akaona aibu ya sentensi hiyo, akaiacha. Mwishowe akavua meno yote, ya juu na ya chini, akayaweka juu ya shuka iliyokunjwa.

Mkewe aliyatazama, kisha akamtazama yeye na mashavu yake yaliyoingia ndani. Hakupiga kelele. Alimalizia kukunja gauni la mtoto.

"Kumbe leo umeamua," alisema.

Fundi hakuelewa.

"Baba Chiriku, nimelala na wewe miaka kumi na mitatu. Unadhani mke hajui mumewe ana nini mdomoni? Nilijua mwaka wa kwanza. Nikasema labda alipata ajali, labda alipigwa na watu, ataniambia siku akiwa tayari. Hata dada zangu walipokusifia nilinyamaza. Kwenye fomu ya daktari niliandika una meno mazuri, nisije nikakuaibisha kwa watu wa kazi yako."

Kama angekasirika ingekuwa nafuu. Fundi alishika ukingo wa kitanda, akaketi sakafuni, akasema haikuwa ajali. Akasema yalikuwaje. Akamtaja mama yake na kiganja mdomoni. Akasema yale ya Chiriku ndiyo yale yale, yametoka kwake, na vidonge vya kifua havikuhusika hata kidogo.

Mkewe alibaki ameshika soksi moja.

"Jino la kwanza lilipotoka, ulijua."

"Nilijua."

"Nilipokuuliza, ulijua."

"Nilijua."

"Aliponiambia mezani nimemharibu, ukiwa unakula."

Alilia, kilio kibaya cha mwanaume asiye na meno, midomo ikiingia ndani. Mkewe alimwacha alie. Alitafuta soksi ya pili kwenye fungu, hakuiona, akaiweka ile moja chini.

"Mimi nilikusitiri aibu yako," alisema. "Wewe ukanivika."

Nje maji yalisikika yakimwagwa kwenye ndoo. Aliponena tena sauti ilikuwa nyingine, kama mtu anayejisomea hesabu na kuona jibu linakuja baya.

"Mimba ya pili," alisema.

Hilo lilikuwa jambo ambalo nyumbani kwao halikutajwa. Mtoto wa pili hakufika. Mimba ilikuwa na miezi mitano, mama akapata homa kali, daktari akaandika vidonge, fundi akavinunua, na kwa siku tano yeye mwenyewe alimpa mkewe kimoja asubuhi na kimoja jioni, akimshikia bilauri ya maji. Homa haikushuka. Siku ya sita wakampoteza mtoto. Walisema mengine ndivyo yalivyoandikwa, na fundi ndiye aliyemfariji, akimwambia walifanya kila kilichowezekana.

"Vile vidonge," mkewe alisema.

"Nilikupa vyote. Ulivimeza."

"Sikumeza." Alikuwa haangalii tena uso wa mumewe, alikuwa anaangalia mikono yake. "Nilikuwa nakiweka chini ya ulimi. Nakunywa maji. Ukitoka, naenda kukitema chooni. Siku zote tano. Nilisema huyu simharibu kama nilivyomharibu dada yake."

Fundi alifungua kinywa. Alichokifanya ni kile ambacho mkono wake ulizoea kufanya akibanwa: ulinyooka kuyafuata meno juu ya shuka. Mkewe aliufikia kwanza. Aliyafunika meno kwa kiganja, akayazuia pale.

"Mtoto yuko nje," alisema. "Nenda hivyo hivyo."

Alitoka. Chiriku alikuwa amechutama na brashi, povu mpaka kwenye viwiko. Aliinua macho, akamwona baba yake ana uso wa mzee, brashi ikasimama. Fundi aliketi ngazi ya chini yake ili wawe sawa, akafungua kinywa wazi, akamwacha aangalie. Kisha akamwambia, kwa maneno machache yaliyotoka laini na mabovu, kwamba meno yale ameyarithi kwake, kwamba siku zote alijua, na kwamba aliacha mama yake asingiziwe.

Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kuhusu kinywa cha baba yake, wala kuhusu meno yake mwenyewe.

"Kwa hiyo si Mama?"

"Si Mama."

"Hakuna alichonifanyia?"

"Hakuna."

Chiriku aliweka brashi chini. Alijifuta mikono kwenye sketi, haraka, mbele na nyuma, akainuka. Fundi alinyoosha mkono kumshika bega, na mtoto akampita pale ngazini bila kumgusa, akaingia ndani kwa mama yake.